Kesi ya ngedere kapelekewa nyani: walioifunga injini ndio waliopewa kuchunguza kwa nini imekufa

Wakuu, nimevumilia siku tisa, leo natema.

Injini ya jenereta letu, silinda 8 za mstari mmoja, mizunguko 750 kwa dakika, imerusha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka) ya namba 4 na kutoboa bloku. Ilikuwa imefanya kazi saa 900 tu tangu ovahoo, yaani kufumuliwa na kufungwa upya. Jana ripoti ya uchunguzi imefika: kurasa tatu, mbili ni picha za injini kwa nje! Jibu lao ni kwamba beringi ya konrodi hiyo, pale inaposhika krenki, ilikosa oili kwa uzembe wa mwendeshaji. Mwendeshaji ndiye mimi. Na waliochunguza ni haohao waliofanya ovahoo.

Haya, tuanze na hiyo oili. Daftari la zamu ninajaza kila saa na presha haikutikisika hadi dakika ya mwisho. Mtasema nimelipika daftari. Sawa, liwekeni kando, angalieni chuma. Presha ya oili ikipotea haichagui silinda moja; beringi kubwa zinazobeba krenki nazo zinachubuka, lile tabaka laini linayeyuka na kuburuzwa, shingo ya krenki inageuka bluu kwa joto. Tulipofumua, beringi kubwa zote zilikuwa safi na konrodi saba zilizobaki safi. Shingo ya namba 4 imegongwagongwa na vipande lakini bluu haina hata tone. Tundu lake la oili nimelipuliza kwa upepo mwenyewe, liko wazi.

Sasa bolti, ambazo ripoti haikuzitaja hata kwa neno moja.

Konrodi ile inafungwa kwa bolti mbili. Moja imekatika baada ya kuvutika, imesinyaa kiunoni na kupinda, uso wake wote una mikwaruzo mibaya. Hiyo iliuawa kwa nguvu ya ghafla. Ya pili haikuvutika kabisa. Imekatika bapa, na usoni ina mistari iliyopangana kama alama ambazo maji huacha mchangani yakikupwa, yote ikianzia sehemu moja pembeni, kwenye mzizi wa uzi. Sehemu iliyoparuka ni kipande kidogo cha mwisho. Fundi yeyote aliyewahi kushika chuma kilichochoka anajua maana yake: ufa ulianza zamani, ukala taratibu. Ya pili ilikufa kwanza, mwenzake akabebeshwa mzigo wote.

Na kwa nini ichoke? Injini ya mipigo minne kwa mzunguko huo inaivuta bolti mara 375 kila dakika, pistoni inapofika juu ikisukuma moshi. Kwa saa 900 hiyo ni zaidi ya mara milioni 20. Bolti iliyokazwa sawasawa karibu haiusikii mvuto huo, kwa sababu imeshanyooshwa kuliko mzigo wenyewe. Ikilegea, kila mzunguko inaumwa. Na pale kofia (nusu ya chini inayofungwa kwa bolti hizo kuzunguka krenki) inapokutana na konrodi kuna unga wa kutu nyekundu na vidonda vya kusuguana. Nyuso mbili zilizobanwa vizuri zinasuguana vipi? Nikaomba cheti cha kuonyesha kwamba geji ya jeki waliyokazia bolti ilipimwa na inasoma sawasawa. Nikajibiwa "tutakitafuta". Mpaka leo wanatafuta.

Ushahidi wenyewe wameutendaje! Kijana wao alitia vipande vyote kwenye ndoo moja ya dizeli na kuanza kuvisugua kwa brashi ya waya, eti vipendeze kwenye picha. Mwingine alikuwa anagonganisha pande mbili za bolti iliyovunjika aone kama zinaingiana. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Ule uso uliovunjika ndiyo maandishi yenyewe, na wewe unayafuta!

Na msimamizi wao siku ya tukio aliniamuru nifungue milango ya tumbo la injini, chumba cha chini anamozunguka krenki, papo hapo, ingali moto. Nikakataa, nikaitwa mwoga. Mwaka 1947 meli Reina del Pacifico ililipuka injini ikiwa kwenye majaribio karibu na Belfast, watu 28 wakafa, kwa mvuke wa oili uliokutana na kitu chenye moto ndani ya tumbo la injini. Ukifungua mapema unauletea hewa. Mtu asiyejua hilo ndiye aliyesaini ripoti inayoniita mzembe.

Bolti zote mbili niliziokoa kabla ya brashi. Kila moja iko kwenye mfuko wake, imepakwa oili kidogo isishike kutu, na picha zake nimezipiga zikiwa bado na uchafu wake. Ninachodai ni maabara ya metali isiyo na undugu na upande wowote, izitazame kwa darubini. Aliyewahi kulazimisha uchunguzi wa namna hiyo aniambie alianzia wapi, maana kesho asubuhi wananitaka nisaini kwamba nimeipokea na kuikubali ripoti. Kuipokea nimeipokea.

Kuikubali sisaini.