Chipukizi wa Montreal Canadiens kabla ya msimu wa 2025–26: nafasi ya tatu ni ya Fowler au Reinbacher?

Bluu_Blanki_Nyekundu

Wakuu, heshima kwenu. Kambi ya Septemba imekaribia, tuipange upya orodha ya chipukizi wa timu yetu ya magongo ya barafuni. Ili tusigombane kuhusu nani ni chipukizi na nani si chipukizi, natumia sharti la Calder, tuzo ya mchezaji mgeni bora wa NHL (ligi kuu ya Amerika Kaskazini): asiwe amevuka mechi 25 za NHL katika msimu wowote uliopita, wala asiwe amefikisha mechi 6 katika misimu miwili tofauti. Kwa hiyo Lane Hutson ametoka, pointi 66 (mabao na pasi za mabao) na Calder yake mkononi. Joshua Roy naye ametoka kwa hicho kipengele cha pili. Demidov bado yumo kwa sababu Aprili alicheza mechi mbili tu za msimu wa kawaida.

Yangu ni hii:

1. Ivan Demidov, winga
2. Michael Hage, senta
3. Jacob Fowler, kipa
4. David Reinbacher, beki
5. Alexander Zharovsky, winga
6. Owen Beck, senta
7. Oliver Kapanen, senta
8. Adam Engström, beki

Namba moja sidhani kama kuna wa kubisha. Shida yangu ni tatu na nne. Kipa na beki unawawekaje kwenye mizani moja? Pili, pointi za chuo, za Urusi na za AHL (ligi iliyo chini ya NHL) mnazilinganishaje bila kubahatisha?

BekiWaKulia

Mkuu, Reinbacher kuwekwa nyuma ya kipa aliyetoka chuo juzi sikubaliani nako. Tena mimi namweka wa pili.

Watu wanasahau alichukuliwa wa 5 kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya 2023 kwa sababu gani. Ni beki mrefu anayeshika gongo upande wa kulia, na hao ni wachache kuliko wa kushoto. Faida yake inaonekana timu inapotoka nyuma. Kisahani (ndicho mpira wa mchezo huu) kikipigwa kuzunguka ukuta wa kulia, beki wa kulia anakipokea kwa uso wa gongo huku kifua kikitazama katikati ya uwanja, hivyo anamwona senta na winga wake kabla ya kutoa pasi. Ukimweka wa kushoto pale, anakipokea kwa mgongo wa gongo, uso ukutani, na mpinzani anakuja nyuma yake. Hapo ndipo kisahani kinapopigwa ovyo kwenye kioo na timu nzima inarudi kujilinda. Upande wa pili ni hivyohivyo: kwenye mstari wa bluu wa mpinzani, beki wa kulia anakizuia kisahani kinachotoka pembeni kwa uso wa gongo. Wa kushoto analazimika kukinyooshea mkono, na kikimpita ni wawili kwa mmoja kuelekea kwa kipa wetu.

Takwimu zake za msimu uliopita msizitumie kumhukumu. Goti liliumia kwenye mechi za maandalizi, akafanyiwa upasuaji, akarudi Februari, akapata mechi 10 tu za msimu wa kawaida na Laval, timu yetu ya AHL, kabla ya mtoano. Beki aliyetoka kwenye goti haonekani kwenye pointi, mwangalieni miguu. Akiwa anateleza kinyumenyume na winga akamjia kwa kasi pembeni, je, anageuka kwa hatua moja au mbili? Hatua mbili maana yake haliamini goti. Kisha angalieni umbali kati yake na mshambuliaji pale kwenye mstari wetu wa bluu. Ukiwa ni urefu wa gongo moja, yuko sawa. Akianza kurudi nyuma mapema mpaka kwenye duara, anaogopa kupitwa, na anampa mpinzani nafasi ya bure ya kupiga.

Kambi itatoa jibu.

Chifu_wa_Ufa

Na Michkov, yule winga Mrusi? Drafti ya 2023 sisi tulichagua wa 5, Philadelphia wakamchukua wa 7, na msimu wake wa kwanza katoa pointi 63. Nasema tu 😏

BekiWaKulia

@Chifu_wa_Ufa ndiyo maana huwa sikujibu.

Mlinda_Mlango

Wakuu, hoja ya kipa naomba niichukue mimi, maana hapa watu wanasoma .940 wanaishia hapo.

Ndiyo, Fowler alimaliza Boston College na asilimia ya kuokoa .940, wastani wa mabao 1.63, na Mike Richter ya 2025 kama kipa bora wa vyuo. Ni msimu wa kutisha. Ila asilimia ya kuokoa ni namba ya kipa pamoja na watu watano waliomtangulia. Timu inayomiliki kisahani inamwachia kipa mikwaju ya mbali isiyopita kwenye msongamano. Nafasi kubwa zinakuwa mbili tatu kwa usiku. Kwa hiyo kabla ya kuisifu .940, uliza: mikwaju mingapi ilitoka katikati mbele ya lango, mingapi ilitanguliwa na pasi ya kukata uwanja kutoka upande mmoja kwenda mwingine? Hiyo pasi ndiyo mtihani wa kipa, kwa sababu inamlazimu kusukuma kwa mguu mmoja, kufika, na kusimama kabla mkwaju haujapigwa. Akifika bado anateleza, tundu la chini ya mkono linabaki wazi.

Fowler nguvu yake iko hapo hapo. Anasoma mchezo mapema, kwa hiyo hana haja ya kuruka sana. Hata misimu aliyozungukwa na kikosi chenye vipaji vingi, alikuwa ametulia mno kwa kijana. Ninachotaka kuona kwake ni mambo mawili. La kwanza ni mzigo: chuo kinacheza Ijumaa na Jumamosi, wiki nzima ni mazoezi na mapumziko, AHL ni mechi 72, mara nyingine tatu kwa siku tatu, na basi usiku. Kipa aliyechoka huonekana kwanza kwenye magoti, anaanza kushuka chini mapema na mabao ya bega la juu yanaongezeka. La pili ni mikwaju iliyoguswa njiani. Wakubwa wa AHL wanasimama mbele ya lango kwa makusudi, wanamziba macho, wanabadilisha mwelekeo wa kisahani. Chuo hakimfundishi hilo ipasavyo.

Sasa kwa nini bado namweka wa tatu, juu ya Reinbacher? Angalia ratiba ya makipa wetu wenyewe. Dobeš alichaguliwa wa 136 mwaka 2020, mechi yake ya kwanza NHL ni Desemba 2024, kule Florida, na hakufungwa. Miaka minne na ushee! Fowler amechaguliwa wa 69 mwaka 2023, ndani ya miaka miwili ameshamaliza kazi ya chuo na yuko Laval. Yuko mbele ya saa.

Halafu kuna suala la weiva ambalo mashabiki hulikumbuka likishauma. Mchezaji aliyevuka muda wa msamaha huwezi kumshusha AHL bila kumweka wazi kwa saa 24, na klabu yoyote kati ya nyingine 31 inaweza kumchukua bure. Sam Montembeault tulimpata hivyo Oktoba 2021, Florida walimwacha wazi, na msimu wa 2024–25 ndiye alikuwa kipa wetu wa kwanza. Kipa aliyesaini mkataba wa kwanza na miaka 20 ana misimu minne au mechi 80 za NHL kabla msamaha haujaisha. Mchezaji wa ndani wa umri huo ana misimu mitatu au mechi 160. Maana yake Fowler anaweza kupanda na kushuka kati ya Montreal na Laval bila hatari, na hakuna sababu ya kumharakisha mwaka huu.

Hesabu_za_Barafu

Nijibu swali la pili la mleta mada.

Kosa la kawaida ni kuchukua pointi ukagawanya kwa mechi ukaishia hapo. Demidov: 49 kwa mechi 65 na SKA ya Urusi, sawa na 0.75. Hage: 34 kwa mechi 33 na chuo cha Michigan, juu kidogo ya 1. Mtu asiyejua ataandika Hage ndiye bora.

Mimi hufuata mpangilio huu. Kwanza toa pointi zote za watu watano kwa wanne (mpinzani akiwa na mtu nje kwa adhabu), ziweke pembeni. Kijana anayewekwa kwenye kikosi cha kwanza cha nafasi hizo anapewa zawadi na kocha, na huko juu zawadi hiyo hatapewa. Kisha gawanya kilichobaki kwa dakika alizokuwa barafuni badala ya mechi, uzidishe kwa 60. Hapa ndipo Demidov anapopaa: SKA walimwachia zamu chache sana baadhi ya usiku, na bado 49 ni rekodi ya KHL, ligi kuu ya Urusi, kwa mchezaji wa chini ya miaka 20. Baada ya hapo angalia tarehe ya kuzaliwa. Drafti inakata Septemba 15. Demidov ni wa Desemba 2005 na Hage ni wa Aprili 2006, wote drafti ya 2024, lakini mmoja ana miezi minne zaidi. Kwa hao wawili ni kidogo. Ila ukimlinganisha wa mwishoni mwa Septemba na wa Septemba 14 ya mwaka unaofuata, una takriban mwaka mzima wa misuli.

Mwisho kabisa ndipo uzidishe kwa uzito wa ligi. Mizani nyingi huipa KHL karibu mara mbili ya ligi za vyuo, AHL ikiwa katikati. Ukianza na huo uzito kabla ya hatua za mwanzo, unakuza kosa.

Na hata ukimaliza yote, hesabu haikuambii kama pointi zitahama. Angalia zinatokana na nini. Hage anakibeba kisahani mwenyewe kutoka nyuma, anapita eneo la kati kwa kasi na kuingia nacho bila kukitupa mbele. Hiyo inahama. Zile za kusubiri mbele ya lango dhidi ya mabeki wa miaka 18 hazihami. Senta wa kulia mwenye kasi hiyo, nyuma ya Suzuki, senta wetu wa kwanza, ni kitu ambacho timu haina. Wa pili ni wake, BekiWaKulia utanisamehe.

BekiWaKulia

@Hesabu_za_Barafu umesamehewa, ila Hage anarudi Michigan mwaka wa pili. Reinbacher anaweza kuhitajika Novemba beki mmoja akiumia. Chipukizi wa karibu ana thamani yake.

Hesabu_za_Barafu

Anaweza, lakini beki Dobson amekuja Juni kwa miaka minane na dola milioni 9.5 kwa mwaka, naye ni wa kulia. Kuuzwa kwa beki Mailloux kwenda St. Louis kumempunguzia mshindani mmoja, sawa. Bado dakika 20 hazipo. Beki wa miaka 20 anayekaa jukwaani Montreal akila popkoni anapoteza msimu; Laval atacheza dakika 22, atazuia adhabu (kujilinda timu ikiwa pungufu), atakosea na kurudishwa barafuni zamu inayofuata. Hao si timu ya kutupa watu: walimaliza wa kwanza AHL nzima msimu uliopita.

Chifu_wa_Ufa

Tukiacha utani, Zharovsky wa 5 ni chini. Mikono yake kwenye nafasi finyu ni ya daraja la kwanza, na kupatikana wa 34 ni bahati. Ila mjue utaratibu: NHL haina makubaliano ya uhamisho na Urusi, kwa hiyo ana mkataba na Ufa ya Urusi na mkataba utaheshimiwa. Demidov alikuja Aprili kwa sababu SKA wenyewe walikubali kuuvunja. Msihesabu hilo kama kanuni. Cha kutufariji ni kwamba haki zetu kwake haziishi baada ya miaka minne kama kwa Mswidi au Mfini.

Kinachoweza kumharibu ni kukaa benchi ya KHL akicheza dakika tano. Akipata mstari wa pili kufikia Desemba, mpandisheni juu ya Fowler bila kuuliza.

Mlinda_Mlango

Juu ya Fowler? Subiri kidogo kaka. Ila Beck na Kapanen mbona mnawapita kama kituo cha daladala? Hao ndio wataitwa kwanza. Beck ni mchezaji bora (MVP) wa Memorial Cup ya 2024, kombe la vijana la Kanada, anashinda kisahani cha kuanzia, anazuia adhabu. Dari lake ni senta wa mstari wa tatu, na hilo ndilo linalomweka wa 6, lakini uwezekano wa kufika ni mkubwa kuliko wa yeyote baada ya Demidov. Kapanen naye anajilinda vizuri, mwili tu unahitaji kilo chache ili asisukumwe ukutani.

Bluu_Blanki_Nyekundu

Nashukuru wakuu. Nimebadili moja: Beck wa 5, Zharovsky wa 6 mpaka tuone dakika zake Ufa. Fowler abaki wa tatu. Reinbacher namrudia baada ya mechi zake 20 za kwanza Laval, nikihesabu zile hatua za kugeuka.

Kwa walioko Afrika Mashariki: mechi ya saa moja usiku Montreal ni saa nane usiku kwetu mpaka Novemba 1, kisha saa zao zinarudi nyuma na inakuwa saa tisa. Laval wana baadhi ya mechi za mchana wikendi, saa tisa alasiri ya kwao, ambazo kwa majira ya baridi ni saa tano usiku huku. Mechi za AHL ziko AHLTV ndani ya FloHockey, na kabla hujalipia hakikisha ni kifurushi chenye AHL, maana ligi nyingine zinauzwa hapo hapo.