Sikumlilia mjomba makaburini, nikamlilia ndani ya basi

Mpwa wa Makorora

Assalaam aleikum na habari za leo, ndugu zangu. Ninaleta jambo ambalo nimelibeba kwa wiki kadhaa, na ambalo nashindwa kumweleza mtu wa karibu bila kuonekana nimemkosea marehemu adabu.

Mjomba wangu, ndugu pekee wa mama yangu wa tumbo moja, alifariki mapema mwaka huu nyumbani kwake Tanga baada ya kuugua kwa muda mfupi. Simu ya kwanza ilikuja kwangu, na tangu dakika ile sikupata nafasi ya kuketi. Nilitafuta nauli za ndugu waliokuwa mbali, nikaenda kununua sanda, nikasimamia turubai na viti, nikashika daftari la rambirambi, na wakati wa maziko niliingia kaburini pamoja na wanaume wengine wawili kumpokea na kumlaza katika mwanandani. Nakumbuka udongo ulikuwa na unyevu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa chini ya bega lake. Sikutoa chozi. Watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume, nami nikaamini kwamba msiba umepita.

Asubuhi ya pili baada ya arobaini nilipanda basi kurudi Dar es Salaam pamoja na ndugu yangu wa upande wa baba. Tulipokaribia Muheza, kondakta akaweka vichekesho vya zamani, King Majuto akiwa na Sharo Milionea. Hapo lazima nieleze kidogo. Mjomba alikuwa na banda la video, la mabati, lenye magunia madirishani ili mwanga usiingie, na sisi watoto tulikaa chini mbele ya mabenchi ya watu wazima. Kabla ya kuweka diski aliipulizia pumzi, akaifuta polepole kwa pindo la kikoi chake. Kila kichekesho alikuwa amekwisha kukiona mara nyingi mno, lakini bado alicheka, na alicheka kabla ya wote, hivi kwamba tulijua neno la kuchekesha linakuja kwa kusikia kicheko chake kutoka nyuma, karibu na mlango. Sharo Milionea alipofariki kwa ajali ya gari huko huko Muheza, tarehe 26 Novemba 2012, mjomba alifunga banda siku tatu. King Majuto alipofariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 na kuletwa kwetu Tanga kuzikwa, banda lilikuwa limekwisha kufa zamani, lakini alivaa kanzu akaenda mazikoni, na jioni akaniambia kwenye simu kwamba amekwenda kumzika mtu aliyemsomeshea watoto.

Basi, King Majuto alipofungua kinywa ndani ya lile basi, mimi bila kujua nilisubiri kicheko kutoka nyuma. Waliocheka walikuwa abiria. Nililia mpaka Segera, nimejifunika uso kwa koti, na sikuweza kujizuia.

Ndugu yangu alisimulia nyumbani kama jambo la ajabu tu, bila nia mbaya. Mama akanipigia simu na kuniambia: “Kaka yangu umemzika kama mtu anayeshusha mzigo, kisha machozi yako unampa mchekeshaji asiyekujua?” Tangu siku hiyo maongezi yetu ni salamu tu. Nina pia jumbe za sauti 12 za mjomba kwenye simu yangu, ambazo siwezi kuzifungua wala kuzifuta, na kila nikikutana na picha ya msanii yeyote wa zamani aliyekwisha kufariki, iwe Mzee Small au Bi Kidude, kifua kinabana. Ninaomba kujua kwa dhati kama nimemkosea marehemu, na mtu anawezaje kuishi na hali hii.

Mwana wa Soja, Nairobi

Pole sana, ndugu yangu, Mungu amlaze mjomba mahali pema. Nimeisoma habari yako mara mbili kwa sababu yangu inafanana nayo.

Baba yangu mdogo ndiye aliyenilea mjini, na alikuwa soja, yaani mlinzi, katika kiwanda kimoja cha Industrial Area kwa zaidi ya miaka ishirini. Alitoka nyumbani kila jioni amevaa shati safi na koti, na sare yake ikisafiri ndani ya mfuko wa nailoni, maana hakutaka majirani wajue kazi yake. Kwa hiyo kipindi cha runinga cha Papa Shirandula kilipoanza, kuhusu mlinzi anayewaficha watu wake kazi anayoifanya, yeye alikitazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Alicheka huku akijipiga paja na kusema kwamba yule mtu lazima amewahi kulinda lango.

Alifariki Mei 2020 akiwa kijijini, wakati ambapo safari za kuingia na kutoka Nairobi zilikuwa zimezuiwa kwa sababu ya korona. Kibali sikukipata kwa wakati, na maziko ya mtu aliyenilipia karo niliyatazama kwenye simu ya mkononi, picha ikikatika kila baada ya dakika chache. Sikulia, nilihisi kama ninatazama habari za watu wengine. Kisha tarehe 18 Julai mwaka huo huo Charles Bukeko, yaani Papa Shirandula mwenyewe, akafariki, nami nikashindwa kwenda kazini siku mbili. Mke wangu aliniuliza kama nilikuwa namfahamu. Sikuwa na jibu wakati ule. Leo ningemwambia kwamba baba mdogo alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii nilikuwapo.

Kuhusu jumbe za sauti, nakusihi leo hii uzinakili mahali pengine, kwa ndugu unayemwamini au kwenye kompyuta, hata kama hutazisikiliza mwaka mzima. Simu huibiwa na simu huharibika. Mimi nilikuwa na ujumbe mmoja tu wa baba mdogo, ukapotea pamoja na simu, na hilo linaniuma kuliko hata kukosa maziko. Uamuzi wa kusikiliza unaweza kungoja, kuhifadhi hakuwezi.

Na kile kipindi nilirudi kukitazama Desemba ya mwaka uliofuata, pamoja na watoto wake, sebuleni kwake. Peke yangu sikuweza.

Bibi wa Chumbageni

Mwanangu, pole kwa msiba, na Mwenyezi Mungu amghufirie mjomba wako. Mimi ni mkazi wa Tanga na umri wangu umekwenda, kwa hiyo nitasema nawe kama mama.

Kwanza ondoa hofu ya dhambi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na walio mbele yake walipostaajabu aliwaeleza kwamba machozi ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kurarua nguo na kusema maneno ya kumlaumu Mola. Kulia kimya ndani ya basi, umejifunika koti, hakumo katika hayo hata kidogo.

Pili, neno alilolisema mjomba wako ni kubwa, na nadhani umelipita haraka. Alisema amekwenda kumzika mtu aliyemsomeshea watoto. Yeye mwenyewe alikwisha kukufunza kwamba mchekeshaji yule alikuwa sehemu ya riziki ya nyumba yenu. Sasa wewe ukimlilia mmoja, utawezaje kuwatenganisha? Sauti zao umezisikia pamoja tangu utotoni, katika banda moja, gizani.

Lakini nataka nikuulize kuhusu mama yako. Aliposema maneno yale, wewe ulisikia lawama. Mimi nilisikia mwanamke aliyefiwa na ndugu yake wa pekee, ambaye kwa siku arobaini alimwangalia mwanawe akienda na kurudi na daftari mkononi, asipate hata mara moja mtu wa kulia naye. Ninyi vijana wa kiume mkipewa shughuli za msiba mnajificha ndani ya shughuli. Nenda Tanga, usimpigie simu. Usiende kujitetea. Kaa naye, umweleze lile banda, pumzi na pindo la kikoi, kama ulivyotueleza sisi tusiokujua.

Na mkaza mjomba wako, kama hesabu yangu ni sawa, bado yuko edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ni mirefu, na watu wakishaanua matanga humsahau. Mpitie na yeye.

Mkazi wa Kinondoni

Nawapa pole wafiwa wote walioandika hapa. Nitakuwa na neno la tofauti kidogo, na naomba lisichukuliwe kama ukatili.

Mwaka 2012 nilikuwa kijana, nami nilikuwamo katika umati wa Leaders Club siku ya kumuaga mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili akiwa na miaka 28. Watu walizimia kwa joto na kwa huzuni, na mimi nililia kama nimefiwa na kaka. Wiki hiyo hiyo alifariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na katika maziko yake hatukutimia hata safu tatu za swala. Mimi mwenyewe sikwenda, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na msiba wa Leaders. Jambo hilo bado linanisumbua. Ninachokiogopa ni kwamba msiba wa mtu maarufu huwa mwepesi kuubeba, kwa sababu una watu wengi na hauna kazi, hauna kuosha vyombo wala kulaza watoto wa marehemu, na tusipoangalia unaweza kuchukua nafasi ya msiba ule wenye kazi.

Bibi wa Chumbageni

Maneno yako yana ukweli, mwanangu wa Kinondoni, na yule mzee bado unaweza kumwombea dua leo usiku. Ila mpwa huyu ndiye aliyeingia kaburini. Kazi aliifanya yote; kilichobaki kilikuwa machozi.

Muuguzi, Morogoro

Poleni wote. Ninafanya kazi hospitali, na wafiwa ni watu ninaokutana nao kila wiki, kwa hiyo nitaongeza yale ninayoyaona.

Kutolia wakati wa maziko ni jambo la kawaida sana, hasa kwa yule aliyekabidhiwa shughuli. Mwili hushikilia kazi iliyo mbele yake na kuahirisha mengine, kisha huzuni hurudi kwa njia ya mlango mdogo ambao haukulindwa: harufu ya sabuni, wimbo wa redioni, au kicheko kinachokosekana mahali pake. Mfiwa hushangaa kwa sababu aliyemliza si yule aliyemzika. Mimi sijawahi kuona hilo kuwa dalili ya upendo mdogo. Nimeliona zaidi kwa waliopenda sana.

Kuna jambo moja kuhusu vifo vya wasanii ambalo ningependa lizingatiwe. Simu zetu hutuletea zaidi kile tunachokitazama, na ukitazama video moja ya maziko ya mtu maarufu, usiku huo huo zitakuja ishirini, nyingine zikiwa za mgonjwa akiwa kitandani au za jeneza likishushwa. Nimekutana na watu waliokesha hivyo wiki nzima na kuja kwetu wakiwa hawali. Tazama kazi zake, kile alichokifanya akiwa hai, na mengine yapite bila kuyafungua. Ikiwezekana, simu ilale chumba kingine.

Kwa upande wa kiafya, maumivu yanayokuja na kuondoka kama mawimbi, huku ukiendelea kula, kulala na kufanya kazi, hayahitaji dawa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaitambua huzuni ya kufiwa kuwa tatizo la kiafya pale inapodumu si chini ya miezi sita, ikapita wazi kiasi ambacho mila na dini ya mfiwa vinakitarajia, na ikamzuia kuishi na watu na kutimiza wajibu wake. Lakini usisubiri miezi sita kama usingizi umekata kabisa, kama umeanza kutegemea pombe ili ulale, au kama umepita mawazoni mwako msemo wa kwamba ni bora ungemfuata marehemu. Hilo la mwisho ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na kwa aliye Tanga, Bombo ndiyo iliyo karibu.

Mpwa wa Makorora

Nawashukuru sana nyote, na ndugu wa Nairobi namshukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu jumbe nilizinakili usiku ule ule. Ndugu wa Kinondoni, maneno yako hayakunikasirisha.

Nilikwenda Tanga Ijumaa iliyopita. Mkaza mjomba nilimkuta ameketi juu ya mkeka, akaniuliza kwanza kama nimekula. Usiku nilikaa uani na mama tukichambua mchele, nikamsimulia habari za banda kama Bibi alivyonielekeza, na nilipofika kwenye pindo la kikoi mama akasema kwamba tabia ile aliianza utotoni, akifuta hivyo hivyo kioo cha taa ya chemli kabla ya kuiwasha, na mama yao akimgombeza kwa kuchafua nguo. Hilo nilikuwa silijui.

Kisha nikamwambia kuhusu zile jumbe. Tukafungua moja, ya zamani kuliko zote. Mjomba ananiomba nikija nimletee betri ndogo za rimoti, anataja idadi, anasahau, anataja tena, halafu anacheka kabla hajasema ni kwa nini za mwanzo zimekwisha. Mama aliomba nirudie. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu tulikuwa tunalia na kucheka sote wawili, sinia la mchele likiwa limesahaulika katikati yetu.

Zimebaki 11. Tumekubaliana kwamba tutafungua moja kila nitakapokwenda nyumbani.