Tupeane uzoefu: gemu za vita vya angani za enzi za kaseti, wapi ulipoumia zaidi?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu salaam. Jana kwa fundi TV nimeona kaseti ya njano imetupwa kwenye boksi la vyuma chakavu, ile inayojitangaza ina gemu 9999999, kumbe ni zilezile chache zinazorudiwa. Moyo ukanipasuka. Nimeshindwa kulala, nikasema leo nifungue uzi.

Mimi langu ni Galaga. Mnaikumbuka: bosi wa kijani anashuka, anaachia ule mwanga wa kunyonya, ndege yako inazunguka inapanda naye juu. Ukimpiga akiwa anashuka na mateka wake, ndege inarudi na unakuwa na mbili zinazopiga sambamba. Banda letu la gemu ulikuwa unalipia kwa zamu, roho zikiisha unampisha mwenzio. Siku hiyo nilikuwa mbali sana, watu wamejaa nyuma yangu. Ndege ikanyonywa. Jamaa mmoja mkubwa akaninyang'anya pedi, "niachie mimi nikukomboe", halafu akaipiga ndege yangu mwenyewe iliyotekwa! Ukiipiga ile imekwenda, hairudi. Banda zima lilicheka. Mpaka leo nikikutana naye sokoni ile salamu inatoka kwa shida.

Haya, tiririkeni. Wewe ulifia wapi?

Mzee wa Antena
Umenikumbusha mbali mkuu. Ule mlio wa kunyonywa bado uko masikioni.

Kipanga 77
Pole, ila kutafuta ndege mbili ni mtego. Unakuwa mpana, risasi iliyokuwa ipite pembeni inakupata. Mimi bosi yeyote akianza kushuka namuwahi kabla hajaachia mwanga. Risasi ya kwanza anageuka rangi, ya pili anakufa, basi.

Mtoto wa Chumbageni
@Kipanga 77 na ile raundi ya bonasi unaifanyaje? Wanapita 40 bila kurusha risasi, ukiwamaliza wote unapewa 10,000. Kwa ndege moja utawamaliza lini?

Kipanga 77
Kwa kukariri wanapotokea. Hawabadilishi njia wale. Wenye pupa ndio wanaohitaji ndege mbili.

Mtoto wa Chumbageni
Pupa tena? Sawa mkuu.

Binti Mwembe Tayari
Hamjambo wote. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu gemu lilikuwa Gradius. Nawasikia mnalia na Galaga na nawaonea huruma, lakini Galaga ukifa unapewa ndege ileile. Gradius ukifa unavuliwa kila kitu.

Nieleze kwa wasioijua. Unaanza na ndege kobe kabisa. Ukiua maadui fulani wanaacha kidude cha kung'aa, unaokota, na chini ya skrini kiashiria kinasogea: kwanza kasi, kisha kombora, bunduki ya pande mbili, leza, yale mapira yanayokufuata yakirusha risasi pamoja nawe, na mwisho ngao. Wewe ndiye unayeamua ubonyeze saa ngapi. Ukiwa na leza na mapira mawili wewe ni mfalme. Sasa ufie kwenye vile vichwa vya mawe vinavyotema duara, uone. Unarudishwa nyuma kidogo, huna kasi, una kibunduki kimoja, na vichwa ni vilevile. Hapo roho tatu zinaisha kwa mpigo mmoja.

Kaka zangu walikuwa wakisema msichana hafiki hapo. Nikafika mbele yao wote, na binamu yangu kutoka Kilindini akaja na siri: simamisha gemu, halafu juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ndege nzima inajaa silaha. Nilidhani ni uchawi wa watoto wa bandarini. Ukubwani nikaja kusoma kwamba aliyeweka ni Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipokuwa akiihamishia Gradius kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka 1986. Gemu lilimshinda wakati wa kulijaribu, akajiwekea njia ya mkato. Yaani hata aliyelihamisha naye aliumia kama sisi! Niliposoma nililia, nawaambia kweli.

Mzee wa Antena
Juu juu chini chini. Vidole bado vinaikumbuka.

Mdogo Mtu Mwanza
Kama ni Gradius, basi ngojeni niwape ya nyumbani kwetu, maana sijawahi kuiandika popote.

Kaseti ile haikuwa na namna ya kuhifadhi ulipofika. Ukizima umeanza upya. Usiku mmoja kaka yangu alifika mbali kuliko siku zote, na baba alikuwa karibu kurudi kutoka mwaloni. Kaka akasimamisha gemu, akazima TV, mashine akaiacha inawaka. Ile taa nyekundu isionekane, akafunika mashine na adapta kwa mto wa kochi. Tukaenda kulala.

Aliyetuokoa ni bibi. Aliamka kuswali usiku, akasikia harufu ya plastiki. Alipofungua mlango wa sebuleni kochi lilikuwa linawaka kuanzia kwenye mto, moshi mweusi mpaka darini. Bibi hakupiga kelele. Alikwenda kwanza ukutani akashusha swichi kubwa, ndipo akatuita kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Baba na jirani wakaja na blanketi zilizoloweshwa. Sisi tumeshatolewa nje, tunahesabiwa, kaka hayupo. Alikuwa amerudi ndani kwenye moshi kuitafuta mashine! Baba alimkuta ameinama ameishika, adapta imeyeyuka imeganda na meza, kiganja chake kimeungua. Alimtoa kwa kumburuta.

Kovu analo mpaka leo. Baba hakumpiga. Alikaa uani mpaka asubuhi amemshika mkono ule ndani ya beseni la maji, hasemi kitu.

Binti Mwembe Tayari
Subhanallah. Bibi yenu Mungu amlipe. Kumbe akili ya kuzima swichi kwanza alikuwa nayo!

Kipanga 77
Mkuu, pole sana. Na mashine je, ilipona?

Dada Neema wa Iringa
@Kipanga 77 mtu anasimulia nyumba kuungua wewe unauliza mashine?

Kipanga 77
Nimesema pole kwanza, soma vizuri.

Mdogo Mtu Mwanza
Ilipona. Fundi alibadilisha kitu kimoja ndani na adapta mpya, ikawaka.

Fundi Saketi
Hicho kitu kitakuwa 7805. Nimefungua nyingi sana hizi. Adapta inaleta volti 9, chipu inataka 5, na 7805 inaipunguza kwa kuigeuza ile ziada kuwa joto. Ndiyo maana imefungwa kwenye kipande cha bati, inahitaji hewa. Ukiifunika kwa mto umeinyima hewa, na adapta za bei rahisi hazina hata fyuzi. Kama bado una mashine hizi, tafuta adapta yenye volti sahihi na uangalie upande wa chanya na hasi kabla ya kuchomeka.

Mzee wa Antena
Sisi tulikuwa tunaiweka adapta juu ya sahani ya bati yenye maji kidogo, inapoa vizuri.

Fundi Saketi
Mzee wangu, shikamoo, lakini tafadhali usimfundishe mtu hilo. Umeme na maji!

Dada Neema wa Iringa
Feni inatosha. Au pumzika ukacheze rede nje.

Ami wa Darajani
Assalamu alaykum. Miye ntakuja na jengine, si kaseti ya njano. Ami yangu alikuwa Maskati, akaja Unguja na kompyuta ya Sakhr, zile za Al Alamiah ya Kuwait, vitufe vina herufi za Kiarabu. Alikuja na gemu la Konami, Time Pilot, la mwaka 1982 kwa asili yake. Ndege yako inakaa katikati, dunia ndiyo inayozunguka. Unaanza 1910 na ndege za mabawa mawili, unakwenda 1940, halafu 1970 na helikopta, kisha zama za jeti, mwisho 2001 unapigana na visahani. Sisi tuko miaka ya themanini, 2001 tunaiona ndiyo Kiyama.

Sharti la ami lilikuwa moja: kwanza mafumbo ya maneno. Neno la Kiarabu linakuja limekosa herufi, ulijaze, ukimaliza somo ndipo umpige mtu wa 1910. Ndugu yangu alikuwa hodari wa kupigana na mzito wa maneno, miye kinyume. Basi tukafunga mkataba, miye namjazia maneno, yeye ananipeleka 1970. Siku ami alipogundua alitutenganisha vyumba. Ndugu yangu akajifunza kusoma kwa uchu wa kufika 2001, na alifika. Leo ni mwalimu wa Kiarabu.

Binti Mwembe Tayari
Ami, hii nimeipenda mno. Na wale wa mwavuli wanaoelea, mlikuwa mnawaokota?

Ami wa Darajani
Lazima! Wa kwanza 1,000, wakifuatana inapanda mpaka 5,000. Ndugu yangu alikuwa anakufa kwa ajili yao.

Mtoto wa Chumbageni
Mimi niliguswa na hilo la maneno. Kuna zile mashine zilizokuwa na kibodi kama kompyuta, herufi zinadondoka kutoka juu, unaziandika zinalipuka. Wengi wetu kuandika bila kutazama vidole tumekupata pale.

Dada Neema wa Iringa
Kweli kabisa. Kazi ya ukarani nimeipata kwa kasi ile.

Kipanga 77
Kaseti ikigoma kusoma, puliza. Haijawahi kuniangusha.

Fundi Saketi
Usipulize. Unyevu wa pumzi unakula zile shaba. Pamba, spiriti, subiri ikauke. Kinachosaidia ni kuichomoa na kuirudisha, siyo pumzi yako.

Kipanga 77
Nimepuliza tangu utotoni na zote zinawaka.

Mdogo Mtu Mwanza
@Ami wa Darajani Time Pilot nitaipata wapi mimi wa sasa? Kaka anataka kuijaribu, na mkono wake unafanya kazi vizuri.

Ami wa Darajani
Tafuta diski ya PlayStation ya kwanza, Konami Arcade Classics ya 1999, imo humo. Mwambie 1940 asikimbizane na ile ndege kubwa ya mabomu peke yake, aendelee kuzunguka huku anapiga. Na aliyefika 2001 kwa roho ya kwanza ajitokeze, ndugu yangu anamtafuta.