Mbwa wananikimbiza alfajiri nikiwa kwenye baiskeli: nikimbie au nisimame?

PedaliZaAlfajiri

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa mnaoendesha baiskeli kila siku.

Naenda kazini kwa baiskeli na natoka kabla ya jua kuchomoza. Njiani kuna kona yenye karakana ambayo geti lake halifungwi vizuri, na hapo wanalala mbwa wawili. Mmoja mweupe, mkubwa, sauti yake inasikika toka mbali. Anabweka mpaka anapaliwa, lakini hatoki getini. Wa pili ni wa kahawia, sikio moja limechanika, na huyo habweki kabisa. Anatoka kimya kimya, kichwa kakiinamisha, anazunguka nyuma yangu, na ninachosikia ni kucha zake kwenye lami. Juzi alinishika upindo wa suruali mguu wa kulia, upande wa cheni, akavuta. Suruali ikachanika. Namshukuru Mungu sikuanguka na ngozi haikuguswa.

Njia nyingine ipo, lakini ni barabara ya malori, haina pembeni pa kupitia, na gizani lori ni hatari kuliko mbwa yeyote. Kwa hiyo kubadili njia kwangu si jibu.

Nikimbie au nisimame? Wenzangu kazini, mmoja anasema nimpige teke, mwingine nibebe mawe, mwingine pilipili ya kupuliza. Na je, mbwa akishika nguo tu kuna haja ya kwenda hospitali? Nawasilisha.

Mteremko

Kanyaga pedali, mkuu. Weka gia nzito mita mia kabla ya geti, pita kama upepo. Mbwa analinda eneo lake tu, ukishavuka mpaka wake anaacha. Mimi ndivyo ninavyofanya na sijawahi kushikwa.

MfugajiBaiskeli

Mkuu PedaliZaAlfajiri, pole sana. Nimefuga mbwa tangu utoto na kila ninapokwenda nakwenda kwa baiskeli, kwa hiyo hili nalijua pande zote mbili.

Mteremko, kuhusu mpaka uko sahihi, mbwa wengi huishia pale wanapoona eneo lao limekwisha. Lakini kukimbia kunafaa barabara ikiwa inashuka, lami kavu, na mbwa bado yuko mbali nyuma. Nje ya hapo sikubali. Mtu wa kawaida kwenye tambarare anakwenda kama kilomita 20 kwa saa, akijitahidi 25. Mbwa mwenye afya, wa umbo la kati, anapita 30 kwa umbali mfupi, na wale wa mbio, greyhound, hukaribia 70. Hayo si mashindano ya kuingia. Tena kukimbia kwenyewe ndiko kunakomwita. Mbwa ana silika ya kufukuza kinachokimbia, na miguu inayozunguka kwenye pedali inamwamsha zaidi. Kitu kikisimama, mara nyingi shauku inakatika pale pale. Utamwona anasimama naye, anatazama huku na huku, hajui tena alichofuata.

Ila kusimama kuna namna yake. Acha kupiga pedali mapema, kabla hajafika ubavuni. Shika breki zote mbili taratibu, usibane ya mbele peke yake, na baiskeli iende mstari ulionyooka. Shuka upande ambao mbwa hayupo ili baiskeli ibaki kati yenu. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti, fremu ndiyo ngao yako. Akizunguka, izungushe naye. Usimkodolee macho, tazama kifua chake au miguu yake. Sauti iwe nzito, neno moja fupi: "Rudi!" Mbwa aliyekaa na watu amezoea kuamrishwa hivyo. Ukipiga mayowe na kurusha mikono unampandisha. Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua, uso ukiwa kwake, mpaka aone umetoka kwake. Na usiharakishe kupanda. Ukirusha tu mguu juu ya siti naye yuko hatua chache, anaanza upya.

Watu wengi wanaogopa meno. Mimi naogopa zaidi gurudumu la mbele. Mbwa akikatiza ukamgonga, usukani unageuka ghafla na wewe unapita juu yake, na hapo ndipo watu wanapovunjika mtulinga na vifundo vya mikono. Ndiyo maana mbwa akiwa mbele au ubavuni vidole viwe tayari kwenye breki, na usimkwepe kwa kuingia katikati ya barabara, kwa sababu gari la nyuma halijui unakwepa nini. Teke nalo ni hivyo hivyo. Mguu mmoja ukitoka kwenye pedali uzito wote unalalia upande mmoja, usukani unayumba, na umempelekea mbwa kiatu mdomoni. Waambie wenzako kazini wajaribu kupiga teke wakiwa kwenye mwendo, bila mbwa, waone baiskeli inavyoyumba.

Huyo wa kahawia ndiye wa kuangaliwa, na umemweleza vizuri sana. Kichwa chini, kimya, anazunguka kwa nyuma, analenga kisigino: hivyo ndivyo mbwa wa kuchunga wanavyoswaga mifugo, wanambana mnyama kwa nyuma na kumdona mguuni ili aende mbele. Damu hiyo imo hata kwa mbwa wengi wa kuchanganyika. Simsemi kuwa hana madhara, meno ni meno. Ila mbwa wa aina hiyo kazi yake anaifanyia nyuma. Ukishuka na kumgeukia, umemnyang'anya nafasi yake. Kwa hiyo ufike getini taratibu, ushuke kabla ya kona, upite kwa miguu ukimtazama kwa pembeni, kisha uipande baiskeli huko mbele. Dakika mbili tatu za ziada hazitakuua. Huyo mweupe ni king'ora tu, kelele zake zinakusaidia kujua kama mwenzake naye ameamka. Angalizo: huyo mweupe naye akinyamaza ghafla, mwili ukakakamaa, mkia ukasimama wima na midomo ikafunuka meno, mchukulie kwa uzito ule ule. Mbwa anayebweka huku mwili umelegea kwa kawaida anakuambia "ondoka", na ukiondoka amemaliza.

Maji ya chupa nayapenda. Kamua yampate usoni anapokaribia, wengi wanarudi nyuma kwa mshangao na hakuna aliyeumia. Kuinama kama unaokota jiwe nako kunafanya kazi kwa mbwa aliyewahi kurushiwa, unashangaa anavyogeuza kabla hujagusa ardhi. Lakini jiwe lenyewe usilitupe. Mbwa aliyepigwa na mtu wa baiskeli kesho anawaona wote wa baiskeli kuwa adui, na atakayelipa ni mtoto anayepita hapo saa moja asubuhi kwenda shule. Pilipili ya kupuliza, ukiwa kwenye mwendo upepo unairudisha machoni mwako, na zipo nchi ambako raia haruhusiwi kuibeba. Uingereza ni mojawapo. Uliza sheria ya ulipo kwanza. Na kumtupia chakula kila siku sishauri, kwa sababu unamfundisha kwamba akitoka getini analipwa.

Tatizo hili ni la zamani kuliko sisi. Mwishoni mwa karne ya 19, baiskeli zilipokuwa zinaenea, Ufaransa kulitengenezwa bastola ndogo ikaitwa Velo-Dog, na iliuzwa kwa waendesha baiskeli kwa ajili ya mbwa. Hebu fikiria mtu anafyatua risasi juu ya baiskeli inayoyumba, barabara ina watu. Inaniuma hata kuisoma, kwa sababu mbwa anayetoka getini ana mwenyewe, na mwenye jukumu ni huyo aliyeacha geti wazi.

Kwa hiyo nenda karakana mchana, bila baiskeli, na hiyo suruali mkononi. Usianze kwa vitisho. Mwambie: mbwa wako wa kahawia anatoka saa fulani, alinishika hapa, siku akimwangusha mtu mbele ya gari kesi itakuwa yako. Omba komeo la geti tu, basi. Wengi hawajui mbwa wao wanafanya nini alfajiri, maana wao wamelala. Asipojali, piga picha ya geti likiwa wazi, andika tarehe na saa, upeleke kwa serikali ya mtaa au idara ya mifugo. Nchi nyingi zina sheria inayomwajibisha mwenye mbwa.

FundiSpoku

Mfugaji kamaliza, naongeza mawili tu. Suruali pana ifunge kwa mkanda mguu wa kulia. Hiyo itakusaidia kwa cheni pia, nguo ikivutwa ikaingia kwenye meno ya gia unaanguka hata mbwa asipokugusa. Na kengele ipige mapema kabla ya kona. Mbwa aliyeshtuliwa usingizini ni mkali kuliko aliyesikia mtu anakuja.

Kwa mnaotembea kundi: anayeona mbwa kwanza apaze sauti, "Mbwa kulia!", na asiwepo wa kuyumba wala kufunga breki ghafla. Wa mwisho ndiye anayefukuzwa, kwa hiyo msimwache nyuma peke yake.

MuuguziZamu

Naomba nijibu lile swali la hospitali, maana limepita kimya na ndilo linalonitia hofu.

Mkuu, kama ni nguo tu na ngozi ni nzima kabisa, huhitaji sindano. Lakini ukague mguu mahali penye mwanga wa kutosha, si alfajiri kando ya barabara. Pitisha kidole, tazama kuanzia kisigino mpaka gotini. Jino linaweza kupita kwenye kitambaa likaacha alama ndogo ambayo huisikii kwa sababu mwili umechemka. Hata mkwaruzo usiotoa damu unahesabika.

Ukikuta chochote, osha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, maana watu wanaosha dakika mbili wakidhani wamemaliza. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, na kuviosha mapema kunasaidia kweli. Usipake majivu, mafuta, pilipili wala kitu kingine cha kienyeji. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri uone kama kitauma. Chanjo inatolewa kwa awamu, nyingi huanza siku ya kwanza, kisha ya 3, ya 7, na nyingine baadaye kadiri daktari atakavyopanga. Kidonda kilichotoa damu huongezewa kingamwili zilizo tayari kufanya kazi, zinazochomwa kuzunguka kidonda. Muulize pia kuhusu pepopunda.

Nasisitiza kwa sababu ugonjwa huu unadanganya. Kwa kawaida dalili huja baada ya miezi 2 hadi 3, wengine wiki moja, wengine hata mwaka, na kidonda kinakuwa kimepona na kusahaulika. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kwa mwaka, na karibu maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, yanatokana na mbwa. Na kinga ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa. Mtu kufa kwa kukosa kwenda hospitali mapema, jambo hilo silizoei hata nikae kazini miaka mingapi.

PedaliZaAlfajiri

Asanteni sana wakuu. Mguu nimeukagua kwa tochi ya simu na kwa mwanga wa jua, hakuna alama. Karakana nimeenda mchana. Mwenyewe alikuwa muungwana, suruali aliiangalia muda mrefu, akasema komeo lilikatika na analitengeneza wiki hii. Asubuhi ya leo geti lilikuwa limefungwa kwa waya, wa kahawia yuko ndani ananifuata kwa upande wa ukuta mpaka mwisho wa uzio.

Kaniambia pia mbwa wote wawili wamechanjwa na ana kadi zao. Muuguzi, je, angekuwa ameningata na kadi ipo, bado ningehitaji kuja kwenu?

MuuguziZamu

Ndiyo, ungekuja, na kadi uje na picha yake. Tungeangalia tarehe, maana chanjo ya mbwa ina muda wake na inarudiwa. Kidonda ungekuwa umeshakiosha. Mbwa angefungiwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiugua, akifa au akitoroka kabla siku hizo hazijaisha, unamaliza dozi yote. Kwa hiyo mwenye karakana asimuue wala kumwondoa mbwa kwa hasira baada ya tukio kama hilo, maana mbwa aliye hai na anayeonekana ndiye anayetupa jibu.