Fremu ya kibaraza cha mbao imeoza: paini ya dawa, mkongo au chuma?

Kasa: Wakuu habari zenu. Nina kibaraza cha mbao nyuma ya nyumba, kilijengwa 2009. Mbao za juu ni mninga, bado nzima kabisa, ila boriti za chini zimeliwa, ukitembea kinanesa. Nataka kung'oa za juu, nisuke fremu upya, kisha nizirudishe. Fundi anataka paini ya dawa, yaani iliyotiwa dawa ya wadudu, shemeji anasema chuma. Kipi kinadumu? Nanunua wiki ijayo.

Randa: Mkuu, mbona hujatueleza? Uko wapi? Ukubwa gani, kimo gani? Ni mchwa au maji?

Mzee wa Zege: Mwaga zege, weka vigae, umalize. Mbao na pwani haviivi chungu kimoja.

Nahodha: Na majahazi je? Chukua mkongo, paka oili chafu mara mbili, mchwa hasogei.

BintiMuheza: Oili chafu hapana jamani. Inanuka miezi, inachuruzika udongoni, na chini ya kibaraza ndiko watoto wanakocheza.

Kasa: Samahanini. Niko Pangani, kama mita 150 kutoka baharini. Ni mita 6 kwa 4, kimo mita moja. Boriti ni inchi 2x6, zimeachana sentimita 60. Nguzo zimechimbiwa ardhini, na njia za mchwa nimeziona juu yake.

Randa: Basi anzia kwenye nguzo. Nguzo huoza pale inapotokea ardhini, maana hapo unyevu na hewa vinakutana. Mwaga vitako vya zege vitokeze sentimita 20, nguzo ikalie chuma juu yake, isiguse udongo. Mchwa bado atapanda, lakini njia yake utaiona na kuivunja. Boriti ziweke kila sentimita 40, zisiruke zaidi ya mita 2.5 bila mhimili. Ile ya ukutani ifunge kwa bolti, si misumari.

MamaNasra: Kuhusu paini ya dawa naomba mnisikilize. Mwaka 2019 tulimjengea mama kibaraza Kigamboni. Mbao nilinunua mwenyewe, za kijani, muuzaji akaapa zimetiwa dawa kwa mtambo. Masika ya pili nikaona unga chini ya boriti. Nikampigia fundi, akasema vumbi la msasa. Msasa gani baada ya mwaka mzima! Nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo. Siku ya arobaini ya baba watu walijaa pale, boriti ya kati ikakatika, mama mdogo akazama hadi pajani na sinia la chai mikononi. Aliungua mkono, mguu ukashonwa nyuzi saba. Tulipoikata ile boriti, kijani kilikuwa ngozi tu, ndani nyeupe imetobolewa kama sega. Ilichovywa rangi. Msinunue kabla ya kukata kipande katikati ya ubao, si nchani. Dawa ya kweli utaiona imezama.

Randa: Pole sana mama. Kasa, kila unapokata, paka dawa ncha mpya. Vipande vinavyobaki visiende jikoni, dawa hizo nyingi zina aseniki na moshi wake ni sumu. Misumari ya kawaida nayo huliwa na shaba iliyomo, tafuta ya galvanaizi nzito, yaani iliyopakwa zinki nene.

Mchomeleaji: Chuma mnakiruka kwa nini? Bomba za mraba, ziba ncha zote, redioksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kwanza, rangi mbili juu.

Nahodha: Mita 150 na chumvi ile? Kutu itaanzia ndani usikopaka. Bora boriti za mikoko, nyumba za kale za Lamu na Unguja zinasimama nazo.

BintiMuheza: Hizo ziko ndani, chini ya paa, hazinyeshewi. Na mikoko inataka kibali. Ufukwe wa Pangani unaliwa na bahari, halafu tukate kinachoushika? Mtiki wa shamba la Longuza, Muheza, uko jirani yako.

Randa: Mtiki mchanga una nyeupe nyingi pembeni, na nyeupe hiyo mchwa anaila. Dai moyo wake.

Kasa: Leo nimechoma bisibisi nguzo zote tisa. Sita zimeoza chini tu, juu ngumu. Naweza kuzikata na kuzikalisha kwenye zege, au kimo kitapungua mno?

Mzee wa Zege: Si nilisema zege?

Nahodha: BintiMuheza, moyo wa mtiki 2x6 wanauzaje huko kwa futi?