Dar watu milioni 5 na ushee, ikinyesha mvua shoo imekufa!

Wakuu, kwema?

Jumamosi nimetoa elfu hamsini yangu, kiti cha mbele, tamasha la wazi. Saa tatu usiku mvua ikashuka. Mafundi wakakimbilia kufunika spika kwa maturubai, sisi wenye tiketi tukajifunika mifuko ya rambo (sijui ilitoka wapi, si ilipigwa marufuku tangu 2019?). Saa sita MC anatangaza shoo imeahirishwa "mpaka mtakapojulishwa". Mwandaaji hapokei simu hadi leo. Nimerudi Mbagala viatu mkononi.

Sasa nisikilizeni. Kigali wana BK Arena, ukumbi wa ndani pale Remera, viti 10,000, paa juu. Waliijenga kwa kama miezi sita, Agosti 2019 ikafunguliwa. Nchi nzima ya watu milioni 13! Desemba 2023 Kendrick Lamar, rapa wa Marekani, akapiga humo, na Wabongo wenye nazo wakapanda ndege kumfuata. Hela ya hoteli, chakula na teksi vyote vikabaki kwa jirani.

Na kinachoniuma zaidi ni kikapu. Hasheem Thabeet, kijana wetu kabisa, alichaguliwa namba 2 kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009. Stephen Curry, huyu nyota mkubwa wa kikapu, mwaka huohuo alikuwa wa 7, msisahau. Halafu ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, inaanza Mei 2021, inachezewa wapi? Kigali. Dogo wa Temeke yeye anadundisha mpira juu ya saruji, juani, na ikinyesha mechi inasogezwa.

Najua kuna watakaokuja na "tuna Uwanja wa Mkapa". Ule ni wa mpira wa miguu jamani, watu 60,000 na nyasi. Upigie muziki wiki hii, wiki ijayo Simba na Yanga wanalalamikia nyasi. Na kumbi za mikutano msiniletee, zile ni za harusi na semina, dari fupi, spika zikifunguliwa unasikia mwangwi tu.

Mji una mwendokasi, una SGR, una daraja la baharini. Ukumbi wa ndani wa watu elfu kumi ndio umetushinda?

Kama kuna aliyekuwepo Jumamosi akarudishiwa hela, aniambie alipitia mlango gani. Viatu vyenyewe bado havijakauka.