Hivi waliombeba Livingstone mpaka Bagamoyo hawana majina? Inakera!

Wakuu, heshima mbele.

Mwanangu wa darasa la sita kaleta karatasi ya mtihani wa majaribio. Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro? Rebmann, 1848. Kapata. Nani waliupeleka mwili wa Livingstone Bagamoyo? Kaandika "Chuma na Susi". Kakosa! Jibu la kitabu: "watumishi wake".

Haya, tuwaangalie hao watumishi.

Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Mzungu mwingine hakuwepo hata wa dawa. Watu wa msafara, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wangeweza kumfukia, wakagawana vitu, kila mtu akashika njia yake. Nani angewauliza? Wao wakakaa kikao. Moyo na matumbo wakazika chini ya mti, mwenzao Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauviringisha kwa nguo na gome la mti, safari ikaanza. Kwa miguu, karibu miezi tisa. Na wanawake walikuwamo. Halima, mpishi wa msafara, mmewahi kumsikia wapi?

Unyanyembe, Tabora hiyo, wakamkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Akawataka wamzike hapo hapo. Wakakataa. Vifaa vya marehemu vya kupimia Cameron alivichukua kwa safari yake, ila mwili hawakumwachia. Niambieni, mtumishi gani huyo?

Mbele ya safari wenyeji wakagoma: maiti haipiti kwao. Basi jamaa wakatengeneza maiti bandia, wakawatuma wenzao wairudishe Unyanyembe eti ikazikwe, nao walipofika mbali wakaitupa porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo za biashara, ukapita mchana kweupe. Hapo ndipo nataka mtoto wangu afundishwe, maana hiyo ni akili ya watu wanaoijua njia na wenye njia.

Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Ofisi ya balozi wa Uingereza, Zanzibar, ikawalipa ujira wao, kwisha habari. Wainwright ndiye aliyepanda meli na jeneza, tena kwa nauli ya wamisionari. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi ya Westminster Abbey, kanisa kubwa la London, Aprili 18, yameshapita. Wakamsimulia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, siku za mwisho za mzee, naye akazitia kwenye shajara alizokuwa anazihariri. Jiwe la kaburi nalo linasema aliletwa na "mikono miaminifu" kupitia nchi kavu na bahari. Mikono! Ya nani? Kimya.

Waingereza siwashangai, kaburi ni lao. Nashangaa sisi. Bagamoyo mnara wa kanisa la zamani unaitwa wa Livingstone, mtu aliyefikishwa pale akiwa maiti. Tabora kuna tembe la Livingstone. Waliomfikisha je?

Na mtu asiniletee habari za "kumbukumbu hakuna". Rebmann mwenyewe aliongozwa na Bwana Kheri, jina limeandikwa. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto akauzwa hadi India, akarudi huru, alikuwa na wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika Ziwa Tanganyika 1858. Akaenda tena na Speke kwenye chanzo cha Nile. Akawa na Stanley, aliyekuja kumtafuta Livingstone, 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka Atlantiki, 1875. Wazungu wanabadilishana, kiongozi ni yule yule! Kila mmoja wao kamtaja kwenye maandishi yake. Sisi ndio tumemruka.

Najua watakuja wa kusema hao waliwafungulia wakoloni mlango. Inawezekana, na huo ni mjadala mzuri kabisa. Lakini mtu usiyemjua hata jina utamhukumu vipi? Chuma alikombolewa kwenye msafara wa watumwa akiwa kijana mdogo, njia aliyoichagua baadaye inazungumzika. Tuzungumze basi, tukiwataja.

Wa Bagamoyo mliomo humu: kuna mtaa, shule, hata kituo cha daladala chenye jina la Susi? Kama kipo, wekeni picha.